Tambuu Isiyo Kali: Ulimi wa Mji wa Kale na Safari ya Neno Uraibu

Mwanafunzi wa tafsiri akikabidhiwa matini ya Kizungu inayoisifu biri ya bei ghali kutoka Havana, iliyoviringwa kwa mkono, isiyo kali, yenye kunukia mbao na asali, aghalabu hukwama kabla ya kuimaliza sentensi ya kwanza. Akiandika "sigara", msomaji ataiona ile nyeupe nyembamba inayouzwa mojamoja vibandani. Akiandika "biri", yuko atakayemwelewa na yuko atakayedhani ni ile tumbaku ya Kihindi iliyofungwa kwa jani na uzi. "Sigara kubwa" ni maelezo, si jina. Kivumishi nacho kina taabu zaidi ya nomino. Akisema "hafifu" ameitukana bidhaa, kwa kuwa neno hilo, ambalo asili yake ya Kiarabu ni wepesi tu, limekwisha kuvaa maana ya ubovu. "Laini" ni sifa ya kitu kiguswacho. "Pole" ni sifa ya mtu. Kitenzi je? "Kusokota" ni kazi ya kamba, na tena magazeti yamelifungia neno "msokoto" kwenye habari za bangi, hata msomaji akiliona tu hutazamia kumwona hakimu katika sentensi inayofuata. Mwishowe mwanafunzi huweka kalamu chini na kutamka lile lililokwisha kutamkwa mara nyingi mno katika kumbi za mihadhara: Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya.

Dai hilo ni jepesi kulitoa na ni zito kulithibitisha. Msamiati wa kupima na kustahi kitu kinachoingia kinywani kwa starehe tu, bila ya njaa wala kiu, umekuwapo katika pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi. Kilichopungua ni kuuliza. Mwenye shaka na aende Mombasa, apite Marikiti, soko ambalo ramani zililiita Mackinnon, ashuke Langoni na kuingia Mji wa Kale wakati wa alasiri, pale kahawa tungu inapoanza kumiminwa na wazee wamekwisha kuketi barazani. Hatakuta biri ya Havana. Atakuta tambuu.

Tambuu kwanza ni jani, na jambo hilo lisipuuzwe. Mtambuu ni mmea utambaao, wa jamaa moja na mpilipili manga, na jani lake lenye umbo la moyo lina ule ukali mwembamba wa pilipili usiopiga kelele. Mtengenezaji huliosha, hulipangusa, hulikata kikonyo, na kama limekomaa huuondoa na mshipa wa kati. Kisha hulipaka chokaa, kidogo tu. Chokaa hiyo ni ndugu wa ile iliyojengea nyumba za mitaa hiyo hiyo, kwani kwa asili zote mbili zilipatikana kwa kuchoma matumbawe au makombe ya bahari. Hufuata katu, ambayo ni utomvu mwekundu uliokaushwa, kisha popoo iliyokatwa vipande vyembamba kwa mkasi wake maalumu. Mpopoo nao ni jamaa ya mnazi. Apendaye hiliki hutiliwa hiliki. Apendaye shamari, nazi au mawaridi yaliyopikwa kwa sukari hutiliwa. Apendaye tumbaku husema mapema. Hatimaye jani hukunjwa likawa pembe tatu na kuchomwa karafuu moja ili lisifunguke. Kazi yote haichukui dakika mbili, na mkono unaoifanya hauonekani kufikiri.

Wapenzi wa biri hujivunia mambo matatu: jani la nje lisilo na dosari, ujazo uliopangwa kwa kipimo, na mkono wa mwanadamu badala ya mashine. Yote matatu yamo katika tambuu. Tofauti ni kwamba biri hutunzwa miaka mingi katika sanduku lenye unyevu na thamani yake huzidi, ilhali tambuu iliyokunjwa alasiri, ikilala hadi asubuhi, jani limekwisha kunyauka na chokaa imelitoboa. Ni starehe isiyowekeka akiba. Pengine ndiyo sababu haikupata kuwa alama ya utajiri. Mwenye maduka na mchukuzi wa bandarini husimama mbele ya meza moja, na aliyetangulia ndiye anayehudumiwa kwanza.

Sasa lugha yenyewe. Mlaji mzoefu hatosheki kusema kwamba tambuu ni nzuri au mbaya. Husema imekolea au haikukolea. Kitenzi hicho, kinachotumika pia kwa chumvi katika mchuzi na kwa rangi katika nguo, kimebeba hukumu nzima: kwamba vitu vilivyokuwa mbalimbali vimekutana katika kipimo kimoja na hakuna kilichomshinda mwenziwe. Chokaa ikizidi, ulimi huchonyota, na hilo ndilo neno litumikalo kwa chumvi iliyoangukia kidonda. Katu na popoo zikizidi, huja ukakasi, ile hali ya kinywa kukauka na kukwaruza kama cha mtu aliyeuma ndizi mbichi. Jani likikomaa mno, huwasha. Popoo ikiwa mbichi hulevya kwa dakika chache, na asiyezoea hutokwa na jasho akatafuta mahali pa kuketi. Tumbaku ikiwa nyingi hupanda kichwani. Ukali basi si kitu kimoja. Kuna ukali wa chokaa, wa katu, wa jani, wa popoo na wa tumbaku, na kila mmoja una neno lake. Tambuu isiyo kali ni ile ambayo maneno hayo yote yamenyamaza na kimoja tu, kukolea, ndicho kinachosikika.

Hapo mwanafunzi wa tafsiri angeokoka. "Isiyo kali" ni kanusho, na kanusho halitoshi kusifu. "Iliyokolea pasi na kuwasha wala kukwaruza" ni sifa kamili, na haikukopwa popote. Biri aliyopewa aitafsiri kwa ulimi wa mlaji tambuu, na msomaji wa Kiswahili ataielewa japo hajapata kuiona Havana hata kwa picha.

Hali kadhalika kuna vitenzi vya matumizi. Tambuu huliwa, ingawa sehemu yake kubwa haimezwi. Ugoro hunuswa. Kiko huvutwa. Kiko chenyewe kinastahili kutajwa, kwa kuwa vijana wengi hulijua neno hilo kwa maana ya mtemba mfupi wa Kizungu tu. Askofu Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alirekodi sehemu za kiko cha maji cha pwani moja baada ya nyingine: bori, ambalo ni bakuli la udongo la kuwekea tumbaku na moto, digali, ambalo ni mti wa kupitisha moshi hadi majini, kiko, ambacho ndicho chombo cha maji chenyewe, na shilamu, ambayo ni mrija wa kutilia kinywani. Fauka ya hayo lilikuwapo neno la ule mlio wa maji yanayobubujika wakati wa kuvuta, nalo ni malio. Lugha iliyokwenda hadi kuupa jina mlio wa maji ndani ya chombo cha starehe haiwezi kusingiziwa ufukara. Miaka mingi baadaye chombo kile kile, kwa umbo jingine, kilirejea katika miji ya pwani kwa jina la shisha, na wavutaji wake vijana hawakujua kwamba babu zao walikuwa na jina la kila kipande chake. Serikali ya Kenya ilipotangaza marufuku ya shisha mwishoni mwa mwaka 2017, mjadala wote wa magazetini uliendeshwa kwa neno hilo moja la kigeni. Digali na shilamu hazikuitwa kutoa ushahidi.

Ukongwe wa tambuu nao hauna utata. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, akiwa njiani kuelekea Mombasa na Kilwa, alipokewa kwa niaba ya mtawala kwa sahani ya majani ya tambuu na popoo, na kwa marashi ya waridi ya Dameski. Kadhi aliyekuwa naye alipewa, na wanafunzi wa kadhi pia. Mombasa alilala usiku mmoja, akaandika juu ya ndizi na samaki wake, misikiti yake ya mbao, na desturi ya watu kuosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Majina aliyoyatumia kwa Kiarabu yana nasaba ya wazi na tambuu na popoo za leo. Jambo moja linafaa kukumbukwa hapa: katika sahani ile hapakuwa na tumbaku, wala haingewezekana iwemo, kwa sababu tumbaku ni mmea wa Amerika na haukujulikana upande huu wa dunia hadi karne zaidi ya moja na nusu kupita. Tumbaku katika tambuu ni mgeni aliyechelewa, ambaye baadaye alijifanya mwenyeji.

Vitu hivyo kwa pamoja vilikuwa na jina, nalo ni uraibu. Kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903, na ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyojengwa juu yake, zinalieleza neno hilo kuwa ni mchanganyiko wa kutafunwa: tambuu, popoo, chokaa, tumbaku. Mgeni aliletewa uraibu. Uraibu uliwekwa katika kijaluba cha madini au katika kijamanda, ukabebwa safarini, ukatandazwa mbele ya wazee walipokuja kuposa. Katika masimulizi ya Desturi za Waswahili, yaliyokusanywa na Carl Velten na kutolewa kwa kitabu mwaka huo huo wa 1903, tambuu ni sehemu ya ugeni na ya arusi kama vile maji na mkeka. Kumnyima mgeni uraibu kulikuwa kumwambia kwamba hakukaribishwa.

Leo neno hilo linaishi kwingine kabisa. Uraibu ni wa dawa za kulevya, uraibu ni wa kamari, uraibu ni wa pombe na wa simu. Mraibu ni mgonjwa anayepelekwa katika kituo cha kurekebishwa. Mnamo Mei 2024, Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipotoa amri ya kuzuia muguka kuingizwa na kuuzwa katika kaunti, amri iliyopingwa mahakamani mwezi uo huo, neno uraibu lilisikika redioni asubuhi na jioni. Hakuna aliyelitumia kwa maana ya kitu kinachowekwa katika sahani. Mwanafunzi wa leo akikutana na sentensi ya kale isemayo kwamba mgeni aliketishwa na kuletewa uraibu, atadhani mwenyeji ni mlanguzi.

Wataalamu wa semantiki watasema hili ni badiliko la kawaida, na watakuwa wamesema kweli bila ya kusema yote. Maana huporomoka katika kila lugha. La kutazamwa ni kile kilichosogea. Uraibu wa kale ulikuwa kitu kilicho nje ya mtu: uliletwa, ulikunjwa, ulipokelewa, ulikataliwa kwa heshima. Uraibu wa sasa ni hali iliyo ndani ya mtu: huzama ndani yake, hupambana nao, huponywa. Vitenzi vinavyoandamana na neno vimegeuka vyote. Nomino haikuhama peke yake. Imeondoka na sahani, mwenyeji na mgeni, ikamwacha mtu mmoja na maradhi yake. Kati ya asiyegusa kitu kabisa na aliyetekwa na kitu, zamani alikuwapo mtu wa tatu, yule alaye tambuu yake moja baada ya chakula na kuendelea na mazungumzo. Mtu huyo angali yupo barazani. Neno lake ndilo halipo.

Lakini haki itendeke kwa upande wa pili. Pwani ya Kenya imeumizwa na heroini kwa miaka mingi, na familia zilizofiwa au zilizouziwa vyombo vya ndani na watoto wao hazikuwa na wasaa wa kungoja kamati ya istilahi. Palihitajika neno la kuita hali ile, na uraibu ulikuwa karibu. Mitaa nayo ilibuni lake: teja, kutokana na mteja, yaani mnunuzi asiyeweza kuacha kununua. Kwa ubunifu wa lugha, neno hilo la mtaani linashinda mengi yaliyotoka ofisini, ingawa kwa kumwita mgonjwa hivyo limekuwa tusi, na wauguzi wana sababu njema ya kuliepuka. Kudai sasa kwamba madaktari wairudishe "uraibu" kwa wala tambuu ni kujisumbua bure. Jahazi hilo limekwisha kutweka tanga.

Jambo zito zaidi ni la afya, na mpenzi wa utamaduni hana budi kulikabili kwa macho makavu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilihitimisha mwaka 2004 kwamba popoo yenyewe, hata ikiliwa bila ya tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu. Saratani inayotajwa zaidi ni ya kinywa, na pamoja nayo uko ugonjwa wa ngozi ya ndani ya mashavu kukakamaa hadi mtu asiweze kufungua kinywa sawasawa. Chokaa nayo si msindikizaji tu; ndiyo inayoachilia nguvu ya popoo na kuyafanya mate kuwa mekundu. Kwa hiyo tambuu isiyo kali si tambuu isiyo na madhara. Ukali ni habari ya ulimi, na saratani haiulizi ulimi.

Ajabu ni kwamba mtego huu wa kivumishi umekwisha kuandikwa katika sheria za kimataifa. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2004, unazungumzia katika kifungu chake cha 11 maneno ya kwenye pakiti yanayoweza kumhadaa mnunuzi kwamba sigara moja ina madhara machache kuliko nyingine, na miongoni mwa maneno unayoyataja kwa mfano ni yale ya Kiingereza yenye maana ya "nyepesi" na "isiyo kali". Mataifa yalikaa yakajadili vivumishi. Wanaodharau elimu ya lugha wakidai kwamba ni kazi ya kupamba tu wangefaa kukisoma kifungu hicho. Kenya ikatunga Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na tangu hapo maonyo ya pakiti yamekuwa jambo la kawaida. Lakini tambuu haina pakiti. Pakiti yake ni jani, na juu ya jani hakuna mahali pa kuchapa onyo.

Je, hoja ya afya inaizima hoja ya lugha? Wako wanaofikiri hivyo: kitu chenye madhara na kiende na maneno yake. Fikira hiyo inakosea hata kwa mizani ya afya yenyewe. Chukua mfano wa mhudumu wa afya anayefika katika nyumba moja ya Kibokoni kuzungumza na akina mama watu wazima wanaokula tambuu tangu ujana wao. Akisema amekuja kwa habari ya uraibu, wakongwe watasikia kijaluba na vijana wa nyumba watasikia heroini. Wote watanyamaza, kila mmoja kwa sababu yake. Akisema tumbaku ni hatari, yuko mama atakayemshukuru kwa dhati, atakayeiacha tumbaku tangu siku hiyo, na atakayeongeza popoo ili tambuu ikolee kama zamani. Mama huyo atakuwa ametii ushauri na kubaki ndani ya hatari ile ile. Mhudumu aliyehitimu vizuri kazini kwake, lakini asiyeijua popoo kwa jina, asiyejua tofauti ya katu na chokaa, asiyejua kwamba "isiyo kali" kwa mlaji ina maana ya tambuu isiyo na tumbaku au yenye tumbaku chache, hawezi kuitambua hitilafu hiyo. Ugonjwa uko katika kitu kimoja, na onyo limekwenda kwa kingine, kwa sababu ya neno.

Msamiati huu basi hautetewi ili watu wale tambuu zaidi. Mtu anaweza kuichukia tambuu, akachukizwa na madoa mekundu yanayochafua kuta zilizopakwa chokaa za Mji wa Kale (nayo ni kero ya kweli, si chuki ya wageni), na bado akataka kila kijineno chake kiandikwe.

Mawe yana walinzi. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Milango ya nakshi ya Ndia Kuu hupigwa picha kila siku. Maneno ya meza ya tambuu hayana mlinzi, wala hayapigwi picha, na yanaondoka kwa mpango: kwanza huondoka majina ya vyombo, kwa sababu kijaluba kimekuwa kitu cha kuwekwa kabatini au kuuzwa kwa watalii, kisha majina ya viungo, kwa sababu viungo vya leo huja vikiwa vimefungwa katika pakiti zenye maandishi ya Kihindi na Kiingereza, na mwisho huondoka vitenzi. Ukakasi na kuchonyota vingali hai kwa kuwa vina kazi nyingine jikoni na hospitalini. Shilamu haina kazi nyingine, na imekwisha kwenda.

Idara za Kiswahili zina sehemu yao ya lawama. Kila mwaka tasnifu nyingi huandikwa juu ya maudhui katika riwaya zile zile, na si ajabu kukuta watafiti watatu wakigombania wahusika wa tamthilia moja. Leksikografia ya kazi za mikono, ya wasusi wa makuti, wachongaji, wapishi wa halwa, wakunja tambuu, hupewa kurasa mbili tatu na kupitwa. Kisingizio ni kwamba mada hizo si za kitaaluma vya kutosha. Hata hivyo Steere, Madan na Johnson, ambao kamusi zao hunukuliwa kwa unyenyekevu katika kila sura ya pili ya tasnifu, hawakufanya jingine ila kuketi na watu wa pwani na kuuliza hiki chaitwaje. Aibu ipo katika kwamba mengi ya majina ya kiko cha pwani yanajulikana leo kwa sababu askofu wa Kiingereza aliyaandika.

Kuna mambo machache yanayowezekana bila ya kungoja fedha. Wanaotunga na kuhariri kamusi wanaweza kuhakikisha kwamba kidahizo "uraibu" kinabeba maana zote mbili, ile ya mchanganyiko wa kutafunwa ikiwekwa ya kwanza na kuandikiwa kwamba ni ya kale, ile ya utegemezi ikifuata. Walimu wa fasihi wanaweza kuwatahadharisha wanafunzi wanaposoma tungo za karne zilizopita. Waandishi wa habari za afya wanaweza kuijaribu "utegemezi" pale wanapomaanisha hali ya mwili kushindwa kuacha dawa, na kuona kama msomaji anapotea, huenda asipotee. Chama cha wanafunzi nacho, ambacho kila mwaka hupanga safari ya Mombasa na kurejea na picha za ufuoni, kinaweza kuitenga alasiri moja ya safari hiyo.

Alasiri hiyo haihitaji hojaji ya kurasa kumi. Mwanafunzi anahitaji daftari, adabu ya kuamkia "shikamoo" kabla ya kuuliza, na subira ya kukaa barazani hadi wateja wapungue. Asianze na swali kuhusu utamaduni, kwani mwenye kazi ya mikono akiulizwa juu ya utamaduni hutoa hotuba. Aulize juu ya kitu. Jani lina pande mbili, mmoja unang'aa na mwingine una mishipa iliyojitokeza; chokaa hupakwa upande gani, kwa nini, na upande huo waitwaje?